Nzohe wa Mama Kemilembe

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nakuandikia kutoka Kyerwa, kwenye shamba la migomba linaloishia kwenye kinamasi. Mwenye shamba, Mama Kemilembe, miaka yote amekataa kufyeka mafunjo yake apande maharage, kwa kuwa anaamini nzohe, wale swala wa majini, bado wamo. Majirani humwambia waliisha zamani.

Alfajiri tatu mimi naye tulikaa topeni tukiwasubiri bila kuona kitu, nami nikaanza kuwaamini majirani. Leo mvua ilipokatika, mafunjo yakatikisika. Akatoka jike, maji yamemfika tumboni, na mtoto nyuma yake. Mama Kemilembe akanishika mkono kwa nguvu.

"Na wewe unawaona?" akaninong'oneza.

"Nawaona, mama. Wako wawili."

Akalia, kisha akacheka. Nikawapiga picha. Sasa hivi nyumba imejaa majirani wanaopokezana simu yangu kuitazama picha, na yeye anawapakulia ndizi za maharage kama mama wa bwana harusi.

Natamani ungemwona anavyotembea leo, shangazi, kichwa juu. Mungu akutunze, nami nakupenda sana.

Wako, Neema