Mgongo Wake Ulikuwa Chini

Mjukuu wangu Masunga,

Mwangaluka. Huku Lagangabilili hatujambo. Bibi yako anapalilia pamba na mguu wake uliokuwa ukiuma umepona. Mimi ni babu yako kwa ukoo tu, kwa umri ni rika la kaka yako, lakini barua yako imenitia hofu ya kizee. Unauliza kama kweli niliwahi kupambana na watu wa jiu-jitsu, ile mieleka ya kukabana, kwani Jumamosi nawe unakwenda kuwajaribu.

Ni kweli. Nilikuwa chuoni Mwanza, na hakuna mchunga ng'ombe wa kwetu aliyewahi kuniangusha katika mieleka. Nilimwinua kijana wao mmoja mwembamba, nikambwaga chali. Kwetu mgongo ukigusa chini mchezo umekwisha, kwa hiyo nikapiga magoti pale pale, nikainua mikono kushangilia.

"Mbona unashangilia, Msukuma?" akaniuliza kutoka chini. "Ndiyo kwanza tunaanza."

Miguu yake ikanizunguka kiunoni, akanivuta, mkono wake ukanikaba shingo. "Gonga!" wenzake wakapiga kelele. Kwao ukigonga kwa kiganja unaachiwa papo hapo. Nilijua hilo, ila niliona aibu. Nikazimia.

Nilipozinduka alikuwa ananipepea kwa shati lake. "Kaka, ungenifia! Mimi hapa nagonga kila siku."

Sikuzuii kwenda. Bibi yako nimemwambia Jumamosi una mtihani, asije akakuzuia yeye. Jumamosi simu itakuwa mkononi mwangu tangu asubuhi. Nipigie ukimaliza, hata kama umegonga. Hasa kama umegonga.

Babu yako mdogo,
Maduhu