Gari la Watu

Elibariki, mume wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Kikwe mahindi yamekauka, na shangazi yako bado anachechemea.

Unaniuliza kama ulipeleke gari la mkopo mlimani, ukacheze na wenzako kwenye matope. Hilo hilo unaloendea kazini? Nilidhani shule imekusaidia.

Babu yako naye alikopa pikapu kwa Singasinga mmoja wa mjini, ya kupelekea maziwa sokoni. Jumapili moja kaka zangu wakamtania, "Shemeji, hilo gari lako ni la lami tu, kama kiatu cha harusi." Mwanaume mzima, akalishusha korongoni. Ekseli ikakatika, na malipo yakamshinda.

Singasinga alipokuja kulivuta, alimkuta analiosha. Akamwambia, "Acha bwana, linakwenda gereji." Babu yako, aliyekuwa akisema "gari langu" mpaka kanisani, akajibu, "Gari la watu halirudishwi chafu." Akaendelea kusugua.

Mimi nilikuwa na hasira, maana maziwa yalikuwa yanarudi kubebwa kichwani kwangu. Lakini nilipoona maji yamemwishia na bado anasugua, nilikwenda kumletea ndoo nyingine ya maji.

Ni mimi bibi yako.