Kaka Mathias, Vishikwambi Vinaondoka

Mashewa,
Korogwe.
14 Agosti 2024

Mpendwa kaka Mathias,

Shikamoo kaka. Habari za Sumbawanga na baridi yake? Wifi Grace hajambo, kile kifua chake kimepata nafuu? Benedicto na Angel wanaendeleaje na shule? Huku sisi ni wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Mvua ilikatika mapema, mahindi ya bondeni yamejikunja, ila muhogo upo, hatulali njaa.

Misa ya arobaini ya mama ilijaa watu. Hata mama mdogo Amne alikuja na wenzake wa msikitini, wakatupikia pilau. Ulikosekana wewe tu.

Sasa nisikilize. Juzi nilikupigia ukanikatia, eti hutaki habari za vidude wakati udongo wa mama haujakauka. Haya, barua huwezi kuikata. Nampa Deogratius dereva, aikabidhi mkononi mwako.

Unavikumbuka vile vishikwambi vya shule, vilivyokuwa vinachajiwa kwetu kwa sababu ya sola. Ni vya watoto watano wa kata hii wasiosikia, na Yusta wangu ni mmoja wao. Ukikiwasha kimoja, kwenye kioo anatokea mama mmoja anayefundisha kwa mikono, picha pembeni, neno chini yake. Yusta alikaa darasani miaka mitatu anatazama midomo ya walimu, akirudi nyumbani hajui kuandika hata jina lake. Kwa kishikwambi, Pasaka ilipofika alikuwa anaandika "maji", "bibi", "njaa". Njaa, kaka! Mtoto ana miaka kumi, ndiyo kwanza nikajua anataka nini.

Mimi nashinda shambani. Mama ndiye aliyekuwa anakaa naye kwenye mkeka, wanajifunza pamoja, na vile vidole vyake vilivyochakazwa na mkonge. Akatupa kila mmoja wetu jina la mkono. La kwako ni kujishika kidevu, kwa ajili ya hizo ndevu zako.

Halafu ukaja msibani ukatoa amri: redio zizimwe, simu ziwe kimya, na vishikwambi visiwashwe mpaka arobaini ipite, kwa kuwa nyumba ya msiba haipigi kelele. Wewe ndiye mkubwa wetu, nani angebisha? Nami nilikuwa nalia tu. Lakini jamani, kelele gani? Watoto wenyewe hawasikii! Sauti ya vile vidude ilizimwa tangu siku ya kwanza. Ungeniuliza tu, ningekuonyesha.

Tukavifungia kwenye sanduku la mama. Kumbe vinajitunzia kumbukumbu kila vinapoguswa. Kesho yake baada ya arobaini, hata hatujavitoa, watu wa mradi uliovileta wakafika. Wakavikagua, wakaona havijaguswa tangu tulipozika. Wakasema wazazi wa huku hawana mpango navyo, basi mwisho wa mwezi huu vinahamia shule ya Mkumbara. Kwa sasa vimefungiwa ofisini shuleni.

Mwalimu Fabiani aliwaeleza habari za msiba, wakamtazama kama mtu anayetunga. Mimi nilipiga magoti, kaka. Mbele za watu, mwanamke mzima. Yule mkubwa wao akakubali jambo moja tu: huyo aliyekataza aseme mwenyewe kwa kinywa chake. Hamtaki mwalimu wala mimi. Anakutaka wewe.

Yusta amerudi kulekule. Ananivuta nguo, nisipomwelewa anajigonga kichwa ukutani. Wiki iliyopita alilia kutwa nzima, nikampa dawa ya tumbo. Jioni nikaona shavu limevimba, kumbe ni jino. Neno hilo alikuwa bado hajalifikia. Bibi yake hayupo, kishikwambi hakipo, nami mama yake sijui mwanangu anaumwa wapi. Nimechoka, Mathias. Sina pengine pa kushika.

Sikuandikii kukutukana. Najua ulitaka kumheshimu mama. Lakini mwezi ukiisha hujasema, basi. Namba ya mwalimu Fabiani iko nyuma ya bahasha. Nakusihi, kaka yangu, ipige.

Nisalimie wifi Grace, Benedicto na Angel. Mama mdogo Amne anakusalimu, mwalimu Fabiani vilevile. Mungu akulinde huko ugenini na aulainishe moyo wako.

Na Yusta naye ana lake. Kila asubuhi analifungua sanduku la mama, anapapasa ndani, halafu ananigeukia. Anajishika kidevu, kisha anafumbua viganja vyote viwili. Kidevu ni wewe. Viganja ni "kwa nini?" Mjibu wewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata katika hasira hizi,
Edna