Agnella na Nyuso za Watu

Ifakara

Baba Agnella,

Nisamehe kwa kukaa miezi miwili bila kukuandikia. Simu iliangukia jarubani tukipandikiza mpunga, na mikono ikichoka hata kalamu ni mzigo. Mpunga umeshika vizuri. Mdogo wake Agnella ameota meno mawili.

Shida ni Agnella. Tangu siku ile uliporusha sahani ukutani, kazi yake ni kuchunguza nyuso. Jumapili kanisani watu wote waliimba kwa furaha, yeye akamwona mmoja tu aliyekunja uso, Mama Zakayo jirani yetu. Akanivuta kanga: "Mama, yule ametukasirikia?"

Nikampeleka akamuulize mwenyewe. Mama Zakayo akacheka huku ameshika shavu: "Mjukuu wangu, ni jino hili! Mimi nikikasirika utanisikia kabla hujaniona."

Agnella akacheka. Tulipofika nyumbani akanitazama sana, akasema, "Na wewe Mama, ni jino?" Mume wangu, nilikuwa nimechoka tu.

Sasa anauliza baba akija atakuwa na uso gani. Jibu unalo wewe. Tunakusubiri Pasaka kwa hamu, lakini ukitoka huko kwenye kazi ya kukata miwa na hasira, lala kwanza kwa kaka yako kule Sanje mpaka zikutoke.

Tunavyohitaji bado ni chandarua kimoja, kandambili za Agnella namba ishirini na sita, na picha yako ukicheka. Ya kitambulisho usitume. Hiyo ya kucheka nitaibandika ukutani, pale pale sahani ilipopiga.

Mama Agnella