Maji Yasiyovunda

Jumatatu, 5 Februari

Theluji tena. Basi la shule ninaloendesha limewaka kwa shida, watoto wamechelewa, na mwalimu mkuu kaninunia kana kwamba theluji naileta mimi.

Asubuhi kama kawaida. Dawa ya kufungua kifua, kisha mvuke wa maji ya chumvi, kisha namgongagonga binti yangu Ilinca mgongoni ateme makohozi. Mashine inanguruma mezani, yeye kavaa barakoa yake, anatazama katuni asizozisikia. Mashine ameipa jina: Mjomba Gigi. Eti inakoroma kama kaka yake mama yake. Kweli inakoroma vilevile!

Watu wakimwona njiani hawaamini kama anaumwa. Mashavu mekundu, mdomo haufungi, miaka mitano lakini anabishana kama wakili. Ila ndani ni mambo mengine. Ugonjwa wenyewe kazaliwa nao — sistiki faibrosisi — makohozi yanakuwa mazito kama gundi, na vijidudu vikinasa humo kuvitoa ni kazi. Ndiyo maana tunavuta mvuke asubuhi, mchana na jioni. Vikombe vya mashine naviosha mwenyewe kwa sabuni, nachemsha, naanika kwenye taulo safi. Hapo sina mchezo na mtu.

Mchana niko na basi, kwa hiyo zamu ya mchana ni ya Mama. Tangu mke wangu Mirela aende Bologna kumlea yule bibi kizee wa Kiitaliano, Mama kahama kijijini kaja kwetu na mitungi yake ya kabichi za siki. Bila yeye sijui ningefanyaje. Tunagombana kwa jambo moja tu — dirisha. Nafungua, anafunga. "Upepo utamwua mtoto!" Namwambia daktari anataka hewa safi. "Daktari wako kazaliwa jana, baba."

Basi. Dirisha limefungwa.

Jumanne, 13 Februari

Kliniki, mjini Iași. Tumeondoka kukiwa bado giza. Ilinca katema kwenye kikopo bila kuambiwa mara mbili, kisha kadai stika. Kapewa. Kadai na ya Mjomba Gigi. Kapewa.

Lakini kipimo cha pumzi kimeshuka. Na kikohozi kile cha tangu mwisho wa Januari Daktari Cozma hakukipenda hata kidogo. Ni mama mpole, ila akianza kuuliza anauliza kama polisi. Maji gani mnasuuzia vikombe? Kuna bwawa la kuogelea? Vyombo vya maua ndani? Bomba linalovuja? Nimejibu kifua mbele: Daktari, nyumbani kwangu hata ua la plastiki halipo.

Kacheka. Na mimi nikacheka. Tukala mikate ya jibini kituoni, tukarudi.

Jumatatu, 19 Februari

Kliniki wamepiga simu. Nilikuwa nimeegesha basi mbele ya shule, injini bado inawaka.

Wamemkuta kwenye makohozi ya Ilinca. Yule mdudu. Yule tunayemwogopa tangu Ilinca azaliwe, anayeishi kwenye majimaji na akikaa kifuani muda mrefu hang'oki tena. Daktari Cozma kaniambia taratibu: tumemwahi, Ovidiu, tunaanza dawa mpya ya kuvuta leo hii, mara nyingi anaondoka. Mara nyingi! Nimelisikia hilo tu.

Mirela kalia kwenye simu mpaka nikamsikia yule bibi wa Kiitaliano akimwita. Anasema ni bwawa. Kiangazi kilichopita, kabla hajasafiri, alimpeleka Ilinca bwawani. Mtoto alimlilia, akamhurumia, akamwachia achezeshe miguu. Nimemwambia vipimo vya Novemba vilikuwa safi, bwawa haliwezi kuwa. Hasikii. "Ni mimi, Ovidiu. Nilimtia majini kwa mikono yangu."

Mama kapika ugali na jibini. Hakuna aliyekula ila Ilinca, na yeye kula kwake ni kuchokonoa.

Alhamisi, 22 Februari

Acha niandike, la sivyo nitapasuka.

Bomba la joto la shule limepasuka, watoto wamerudishwa mapema, nimefika nyumbani mchana. Mama hakunisikia. Redio inaimba nyimbo za kanisa. Kasimama kwenye sinki na kikombe cha mashine — kile nilichokichemsha mimi asubuhi, kikakauka juu ya taulo langu safi! — na mkono wa pili kashika chupa ya plastiki, uzi mwekundu shingoni. Anamimina. Anazungusha. Anamwaga, anapiga ishara ya msalaba. Kisha matone machache tena, na dawa juu yake.

Nikamwuliza, Mama, unafanya nini? "Nasuuza, baba." Hata hakushtuka. Alitabasamu!

Yale maji. Ya tarehe sita Januari, Ubatizo wa Bwana. Mji mzima unapanga foleni kanisani na chupa, padri anabariki, kila mtu anabeba ya kwake, inakaa karibu na sanamu takatifu mwaka mzima. Mimi mwenyewe nimeyanywa tangu utotoni, funda la asubuhi kabla ya kula. Na hakuna mtu hapa, awe profesa au mlevi, asiyejua kwamba maji hayo hayavundi.

"Ya bombani ningemtilia mimi?" kaniuliza. "Nina wazimu? Ya bombani yana wadudu, umesema mwenyewe. Haya hayavundi."

Tangu lini, Mama?

Tangu Januari. Tangu siku ileile. Kila mchana.

Nikasema neno. Nilisema, umemwua. Nimemwambia hivyo mama yangu, jikoni kwangu. Hakulia. Alikaa kwenye kigoda, chupa mapajani, akaishika kwa mikono miwili kama anayeogopa imwagike.

Na Ilinca kutoka sebuleni, kwa sauti ya wimbo: "Bibi! Matone ya malaika tayariiii?"

Baadaye, usiku huohuo. Nimempigia Daktari Cozma. Hakunigombeza, na hilo limeniuma kuliko kama angenigombeza. Kaniambia nitupe vikombe vyote, niweke vipya. Kisha kaniambia, usimchukie, kakosea kwa kupenda. Najua, Daktari. Najua! Ndiyo maana sina pa kuitupia hasira yangu.

Jumapili, 25 Februari

Mama kashika njia kwenda kanisani bila kusema na mtu. Nimemfuata na Ilinca, tumejifunika mpaka macho.

Baada ya ibada kamsimamisha Padri Anghel mbele ya watu. Kamwuliza kwa sauti kubwa, yeye ambaye kanisani huwa ananong'ona: "Padri, maji ya Ubatizo yanaingia wadudu?" Watu wamegeuka. Padri kamtazama, kanitazama, kamtazama Ilinca. Huyu mtu namjua, ni mcheshi, mzaha unamtoka kabla hajaufikiria. Kasema, "Safta, maji ni ya Mungu, lakini chupa ni ya kwako. Kabla yake ilikuwa na nini?"

"Fanta," Mama kajibu.

Watu wamecheka. Hata mimi karibu nicheke, Mungu anisamehe. Mama hakucheka. Padri alipouona uso wake kaacha mzaha, kamshika mkono, kamwambia maji yale kayabariki ya kunywa na kunyunyizia mlangoni, ya mashine hakuna aliyemwomba, na angeombwa angekataa. "Mungu hajamwomba mtu aache kuchemsha." Mama kaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Njiani hakusema ila hili: "Kwa hiyo yamevunda." Hakuwa anauliza.

Maji hayo hayamwagwi kwenye sinki, humwagwa pasipokanyagwa. Nimemwona kutoka dirishani, nyuma ya jengo, kapiga magoti kwenye theluji chini ya mti wa plamu wa jirani, anafukua theluji kwa vidole, anamimina kidogo kidogo. Magoti yake mabovu. Nilitaka kushuka. Sikushuka.

Jumanne, 27 Februari

Dawa mpya ni chungu. Ilinca kakohoa mpaka katapika kwenye mkeka. Kasema Mjomba Gigi amekuwa mbaya, hampendi tena. Nimemwambia Mjomba Gigi anafukuza wezi kifuani. "Wameingiaje?" Nimechukua kitambaa nikafuta mkeka.

Mama hagusi kitu cha mtoto. Si kikombe, si kijiko, si barakoa. Ilinca akimkimbilia, anaweka mikono nyuma. Imekuwa myekundu, anaiosha kwa maji ya moto mpaka ngozi inachubuka. Mchana jirani wa chini, dada Rodica, ndiye anakuja kuwasha mashine, Mama anasimama mlangoni anatazama.

Tangu Jumapili mimi na Mama tunaulizana chumvi iko wapi, basi.

Jumatano, 28 Februari

Mirela tena. Hali chakula, anasema. Anaota bwawa. Anaota anamshika Ilinca majini na mtoto anayeyuka.

Nilikuwa nalo mdomoni. Si wewe. Neno fupi tu! Lakini nikisema si wewe atauliza ni nani. Na Mirela namjua, atapanda basi la kwanza kutoka Bologna, na Mama atarudi kijijini na mitungi yake asimwone tena mjukuu wake. Sidhani kama Mama angefika kiangazi akiwa hai.

Nikinyamaza, mke wangu anabeba kosa lisilo lake.

Nimesema, lala, mpenzi. Kesho tutaongea.

Ijumaa, 1 Machi

Leo ni siku ya uzi mwekundu na mweupe, watu wanapeana kukaribisha majira ya kuchipua. Ilinca kapata nyuzi tano za kufunga mkononi, watoto wa basi langu wamenipa nimletee. Kazivaa zote. Moja kamfungia Mjomba Gigi kwenye waya. Wamesameheana, naona.

Naandika hapa mezani, mashine inanguruma, dawa ya jioni ndiyo kwanza imeanza. Ilinca kaniegemea, barakoa usoni, anauangalia mkono wangu unavyoandika ingawa hajui kusoma. Ngoja niandike kilichotokea dakika hii hii.

Mirela kapiga simu ya video kumtakia mtoto Machi njema. Mtoto kapunga nyuzi zake. Mirela katabasamu, kisha uso ukavunjika, kaanza palepale, mwanangu nisamehe, mama ndiye aliyekupeleka bwawani. Mbele ya mtoto! Nikasema, Mirela, acha. Kasema, nitaachaje?

Mama katoka jikoni. Mikono inatiririka maji. Kajifuta kwenye aproni, upande huu, upande ule, kisha kanyoosha mkono mbele yangu.

"Nipe simu, baba."

Nikasema, Mama, si lazima. Si leo.

"Nipe."

Nimempa. Miaka yote hii amemwita Mirela kwa jina lake, au "mke wako." Kaishika simu karibu sana na uso, hajui kuishika, bila shaka Mirela anaona paji la uso tu. Kasema, "Binti yangu. Hujambo, binti yangu. Sikiliza, nina neno." Kaingia chumbani, kafunga mlango.

Sisikii kitu. Mashine hii! Nikiizima nitasikia kila neno, lakini dawa bado ipo kikombeni, haikatishwi katikati. Nimesikia sauti moja kali, sijui ya nani kati yao. Sasa kimya, au kunguruma tu.

Ilinca kavuta barakoa pembeni. "Baba, bibi anaimba?"

Nimemrudishia barakoa. Nimemwambia vuta, mama, vuta taratibu, bado kidogo.