Kamba ya Upande wa Kichwa

Mbugangari, Gisenyi
Jumapili, 12 Novemba 2023

Mpendwa Baba Mdogo Johnson,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, bado unakusumbua ukipanda ngazi? Na maharage ya huko Kayanga, mmevuna? Hapa mvua imekataa kutupumzisha, nguo zinakauka kwa siku tatu. Liliane na watoto ni wazima. Mimi nakula na kulala kidogo, uzima mwingine usiniulize.

Kwenye simu nilikuambia tumemzika Baba salama. Nilikudanganya. Naandika kwa sababu kusema kumenishinda.

Unajua familia inavyonihesabu. Ndahiro wa vyuma. Gunia la viazi likimshinda jirani, ninaitwa mimi. Basi siku ya mazishi hakuna aliyeuliza nani ashike kamba ya kuteremshia jeneza upande wa kichwa, nilipewa tu. Ng'ambo ya shimo alishika binamu Shyaka, yule ambaye kazi yake ni kukaa ofisini na karatasi. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilitaka kuizungusha kamba kwenye kiganja, wazee wakanikataza, wakasema anayejifunga kamba huvutwa na jeneza. Nikaishika hivi hivi. Tulipofika katikati, vidole vyangu vikafunguka. Sikuachia, baba, vilifunguka vyenyewe. Jeneza likatangulia kichwa, na sote tukamsikia Baba akigonga ubao.

Hakuna aliyenilaumu. Walisema ni mvua. Lakini kamba ya Shyaka nayo ililowa maji yale yale.

Kosa langu wewe utalielewa kuliko wote. Ulinifundisha kuinua ekseli ya lori pale uani kwako, kiganja kimoja kikitazama mbele na kingine nyuma, ili chuma kikose pa kubingirikia. Nilipoanza jimu ya huku, mwalimu wetu Hakimu akanipa mikanda ya kitambaa, ile unayovaa kwenye kifundo cha mkono kisha ukaizungushia chuma. Nikaipenda mno. Miaka sita nimeinua kwa mikanda. Mgongo umekua, miguu imekua, vidole vimebaki vya mtoto. Nikijifunga, nanyanyua kilo mia moja na tisini. Kwa mikono mitupu, mia na ishirini inaniponyoka. Miaka yote hiyo watu walikuwa wanakipigia makofi kitambaa.

Tangu tuondoe matanga nimejaribu kila mshiko. Viganja vyote vikinitazama mimi, chuma kinatoka kabla sijasimama wima. Ule wako wa kupishanisha unashika, ila mkono uliogeuzwa unaniuma karibu na kiwiko, na Hakimu anasema ameshaona mtu akikatika musuli hapo hapo. Nikabana dole gumba chini ya vidole. Huo kweli hauachii, lakini kucha zimekuwa nyeusi na asubuhi Liliane ndiye ananifunga vifungo vya shati. Mwezi ujao kuna mashindano Kigali, na mikanda hairuhusiwi. Hakimu anadhani hayo ndiyo yananinyima raha. Nimemwacha adhani.

Linaloninyima raha ni Bibi Mukasine, mama yako. Tangu amzike mwanawe hajainuka kitandani, padri ameshamfuata kwake Rugerero mara mbili. Usikawie kuja, mguu au si mguu. Alhamisi alituita wote akapanga mambo ya mazishi yake, avikwe kitenge gani, nani asiruhusiwe kuimba. Halafu akasema kamba ya upande wa kichwa ashike Ndahiro. Shyaka akatazama chini. Nikamwambia, Bibi, ulikuwepo, uliona. Akajibu kwamba aliona, ndiyo maana. Kisha akaomba uji.

Wenzangu wanasema amenisamehe. Mimi naona amenihukumu. Sitaki kamba hiyo, na sina mdomo wa kumkatalia. Baba alikuwa ameisha kwa ugonjwa, hakufika kilo hamsini, na Bibi ni mwepesi kuliko yeye. Si suala la uzito. Siiamini tena mikono yangu, baba. Hata mtoto siku hizi nambeba kwa kiwiko, na chai naishika kwa mikono miwili. Najiona mtu bure.

Basi nijibu upesi. Kamba si chuma, haina pa kupishanisha viganja. Nishike vipi? Kama unaona nikatae, niandikie hivyo hivyo, nitakubali. Ila usiniambie ilikuwa mvua.

Nisalimie sana Mama Mdogo Epiphanie, pamoja na Gisubizo na Mahoro. Hapa Liliane anakuamkia.

Bibi amenituma nikubariki kwa niaba yake, Mungu akupe miguu ya kukufikisha kwake. Alipokuwa anayasema hayo alinishika mkono, huu huu ulioachia. Nilitaka kuuvuta niwahi gari la kurudi nyumbani. Nilishindwa, baba, alivyokuwa amenibana. Nilikaa pale mpaka usingizi ulipomchukua.

Mwanao anayekupenda na kukungoja,
Ndahiro