Kivuko Nilichokitunga Mwenyewe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa. Kazini, misibani, hata polisi wamewahi kuniuliza njia.

Mimi ni fundi wa mapaa, miaka hamsini na miwili, shule niliiacha darasa la sita kwa kuwa mwalimu alikuwa ameishiwa cha kunifundisha. Miaka minane iliyopita nilipelekwa kisiwani kuezeka nyumba ya wageni, na ufukwe ule, mshauri, ukiuona hutaki kuona kingine, mchanga mweupe kama unga uliochekechwa mara mbili, hakuna redio, hakuna chupa hata moja, kimya mpaka unamsikia kaa akikimbia, na maji maangavu hata msumari ulionidondoka niliukuta kesho yake umelala chini nauona na kutu yake. Hapo sijaongeza kitu.

Nilipoongeza ni nyumbani kwa dada yangu, maana watu walikuwa wametega masikio, na mtu akisikilizwa mdomo hunoga, nikasema mbele ya ufukwe kuna kisiwa kingine kidogo nami nilikuwa navuka kwa miguu saa yoyote niitakayo, maji magotini, bati begani. Ukweli ni kwamba niliwaona wenyeji wakivuka maji yakiwa yamekupwa, nami nikajaribu mara moja tu, kwa saa yangu mwenyewe, yakanifika kidevuni, na mama mmoja aliyekuwa akiokota chaza akanivuta kwa ukosi wa shati akisema, "Baba, bahari haina haraka, wewe unayo ya nini?"

Sasa mpwa wangu, mtoto wa huyo dada, muuguzi, nampenda kuliko maelezo, amepata likizo, Jumamosi hii anakwenda huko na mumewe na watoto wawili, na amechora ramani kutokana na maneno yangu, mshale mwekundu pale wanapovukia. Nilishtuka, lakini sikutaka kuaibika, nikasema pana papa mkubwa kama lori. Yule mdogo akapiga makofi, "Babu, alikuuma?" Nikajikuta najibu, "Alitaka, nikamlamba nyundo." Basi watoto hawalali, wanataka kuvuka wamwone papa mwenye kovu, na baba yao kanunua darubini.

Nipe wazo la kuwatisha zaidi, heshima yangu ibaki. Nimefikiria nyoka wa vichwa viwili. Kueleza niachie mimi.

Fundi Mkuu

JIBU:

Fundi, barua yako imeruka foleni ya wenzako kumi na mmoja kwa sababu Jumamosi haisubiri. Kwenye nyundo nimecheka, sikatai. Kisha nikawakumbuka wale watoto, nikaacha.

Unaniomba uongo wa tatu uzime moto wa ule wa kwanza na wa pili. Hayo ni mafuta ya taa! Umeona mwenyewe, kila unapowatisha, mahali panazidi kunoga. Ukileta nyoka, baba yao atanunua na kamera.

Nakuelewa. Mtu anayeshinda juu ya paa peke yake, akishuka anataka kusikilizwa. Lakini ule msumari tu ulitosha, mimi ningekusikiliza mpaka chai ipoe. Ulipewa lulu ukaipaka rangi.

Aibu unayoiogopa ni ya jioni moja. Mpwa wako anakuamini kiasi cha kuchora mshale, na akiingia kwenye maji yale na mtoto mgongoni, atakuwa anafuata sauti yako.

Nenda kwake leo. Usipige simu, kwenye simu utapamba. Sema mbele ya watoto, maana nao uliwadanganya: maji yalikufika kidevuni, na papa hujawahi kumwona. Hata ukosi wa shati usiuruke. Chukua kalamu uufute mshale kwa mkono wako, uandike kwamba wakifika wawaulize wenyeji saa za maji kupwa na kujaa, wasivuke bila mwenyeji, na akisema tugeuke, wageuke.

Watakucheka. Kaa hapohapo uchekwe, wala usinyanyuke kwenye kiti mpaka mpwa wako aseme kwa kinywa chake, "Mjomba, hatutavuka peke yetu."